Mtani Ndani ya Kaburi la Kiboko

Kulikuwa na nchi ikiitwa Jamhuri ya Tulieni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, haimo. Na msomaji akiona mtu wa humu anafanana na mtu anayemjua, asikimbilie kununa. Sura ziko nyingi na Mungu hakukatazwa kuzirudia.

Serikali ya Tulieni ilipenda wanyama kupita kiasi. Wizara yake kubwa iliitwa Wizara ya Wanyama na Watu, na jina lilipangwa hivyo kwa makusudi. Ukienda na shida ya mnyama, unapita mlango wa mbele, unapewa maji ya baridi. Ukienda na shida ya mtu, unazunguka nyuma, jirani na choo, kuna benchi. Benchi lenyewe zuri tu, limepigwa vanishi.

Bibi Sikujua alilijua benchi hilo mpaka ule msumari wake mmoja uliokuwa ukichoma paja la kulia. Alikuwa mwanamke mfupi wa kabila la Watandula, mwenye pengo la mbele, mkulima wa mpunga kando ya Mto Nyakasi. Subira yake ilikuwa ya mtu aliyechambua mchele maisha yake yote: haraka hana, lakini chuya haimpiti.

Kilichompeleka benchini kilianza asubuhi moja, mumewe, Mzee Mbaruku, alipochukua jembe akaenda kufungulia maji jaruba lao. Ndani ya jaruba alikuwamo kiboko dume, amelala juu ya mpunga kama mtu aliyelipia chumba. Mzee akasema, "Hodi." Alikuwa na adabu hata ndani ya shamba lake mwenyewe. Kiboko hakupenda kubishiwa hodi. Majirani walipofika walikuta jembe limesimama peke yake kwenye tope, na kandambili moja. Kilichobaki walikikusanya kwenye shuka.

Jua halijapanda vizuri, Wizara ikafika na gari la king'ora. Daktari akaruka nje na kipimo cha presha, akapita mbele ya mjane bila kumtazama, akaenda kumpima kiboko. Nyuma yake akashuka Afisa Utulivu aitwaye Kimwaga, kijana aliyenyoosha suruali mpaka mkunjo ungeweza kukata mkate.

"Pole, bibi," alisema Kimwaga. "Mnyama ameshtuka sana."

"Ameshtuka?"

"Sana. Amekutana na mtu ghafla. Sasa anahitaji kupumzika. Msiba wenu tunauruhusu, lakini bila kelele."

"Bila kelele ndiyo vipi, mwanangu?"

"Bila kilio. Bila ngoma. Bila moshi wa kupikia, moshi unamwasha macho. Na wageni wasikae kikundi."

"Sasa huo ni msiba au ni wezi wanapanga mambo?"

Kimwaga akamkazia macho. "Bibi, ulikuwa umeshaanza kulia?"

"Bado."

"Basi usianze."

Wakazika hivyo. Wanawake waliuma ncha za khanga zao. Mtoto mchanga aliyelia alipelekwa mbali, ng'ambo ya mto. Na jambo lililomuuma Bibi Sikujua kuliko yote ni watani. Watandula wa bondeni na Wasomboro wa milimani ni watani toka enzi za mababu. Mmoja akifiwa, mwenzake huja msibani kufanya vituko. Humwigiza marehemu alivyotembea, hutangaza uchoyo wake, humwita mfiwa mtumwa wake, humvua kofia, hujilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe anachokitaka. Wala hakasirikiwi. Ndivyo maiti anavyoagwa akajua kweli aliishi na watu. Basi Wasomboro walikuwa wameshateremka, wamejipaka unga usoni, mmoja amebeba chungu kilichotoboka, wakarudishwa kwenye kizuizi cha barabara. Mzee Mbaruku, ambaye alitembea kama mtu mwenye kokoto kiatuni na alistahili kuigizwa kuliko mtu yeyote bondeni, alifukiwa bila kuigizwa. Alizikwa kama mtu anayefichwa. Matanga hayakukaliwa, sufuria halikuinjikwa.

Kile kilio Bibi Sikujua alikimeza, kikakaa kifuani kama tonge la ugali wa moto. Ndicho kilichompeleka benchini. Hakudai fidia. Alidai ruhusa ya kumlilia mumewe kwa sauti na kumkalisha matanga. Kila akienda aliambiwa mnyama bado hajapona.

"Nitakuja tena," alikuwa akijibu, anafunga khanga yake vizuri, anaondoka.

Mnyama alipona, tena akanenepa. Wizara ikamtangaza kuwa yatima, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamekufa. Mzee Mbaruku naye wazazi wake walikuwa wamekufa, lakini hakuwahi kufikiria kwamba hiyo ni kazi. Kiboko akapewa jina la Fahari, akapewa lile jaruba, na siku moja kijiji kizima kikaitwa kupiga makofi wakati anapewa uraia.

Waziri wa Wanyama na Watu, Mheshimiwa Ngwatura, alikuwa mtu mpana mwenye sauti ya kunguruma. Alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Raia lazima awe na kabila! Je, Fahari awe mtu asiye na kwao? Hapana! Kuanzia saa hii, Fahari ni Msomboro kama mimi! Ni ndugu yangu! Ni damu yangu! Akicheka tumecheka naye, na akifa, Mungu apishe mbali, ni maiti ya nyumbani kwangu!"

Makofi yakalia. Bibi Sikujua aliacha kupiga yake katikati.

"Amesema Msomboro?" alimuuliza jirani yake, Mama Chausiku.

"Ndivyo alivyosema."

"Kwenye kipaza sauti?"

"Na redio walikuwepo, mama."

Bibi Sikujua akaendelea kupiga makofi, safari hii kwa moyo wote, hata Kimwaga akamtazama kwa mapenzi.

Maana huko Tulieni utani ulikuwa sheria, si mchezo. Rais wao, aliyeitwa Mtukufu Mtulizaji Mkuu, alipomzika baba yake alivuliwa viatu na mtani mmoja mzee, akazika pekupeku huku akicheka mpaka machozi. Kesho yake akatangaza kwamba mtani aliye msibani haguswi na askari, hakatizwi na waziri, na hanyamazishwi mpaka aridhike mwenyewe. Waziri Ngwatura siku hiyo alikuwa amelala bungeni.

Baada ya uraia wakaja watu wa kujitolea, kutoka nchi za baridi. Hawa walikuwa wanalipa ili wafanye kazi ya bure, jambo ambalo Watandula walilijadili kisimani wiki nzima bila kulimaliza. Mmoja wao alikuwa bibi aitwaye Hediwiga, mrefu, mwembamba, kofia kubwa, goti moja bovu. Wizara ikampangia kulala kwa Bibi Sikujua kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na jaruba la Fahari. Kazi yake ilikuwa kumpiga Fahari mswaki kwa ufagio wa mti mrefu, kumkatia matikiti, na jioni kumsomea kitabu.

"Anaelewa?" Bibi Sikujua alimuuliza siku ya kwanza, wakibangua karanga barazani.

"Nafikiri anapenda sauti yangu," alisema Hediwiga. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, safi kama sahani ya wageni. "Nyumbani kwangu hakuna mtu anayeisikia."

"Huna wajukuu?"

"Ninao. Wanakuja Krismasi. Wanatazama simu zao, halafu wanatazama saa. Mume wangu alikufa kwenye baridi kali. Tulimzika haraka, tukanywa kahawa, kila mtu akarudi kazini."

"Hamkulia?"

"Kidogo. Kwa leso. Kwetu kulia kwa sauti ni kuwasumbua majirani."

Bibi Sikujua akaacha kubangua. "Ala! Kumbe na nyie mna viboko?"

Hediwiga akacheka, halafu akaacha kucheka, maana aliona mwenzake hakucheka. Ndipo alipoambiwa habari za Mzee Mbaruku. Wizara ilikuwa imemwambia kwamba Fahari aliwahi "kupata ajali na mtembea kwa miguu". Karanga aliyokuwa nayo mkononi akairudisha kwenye ungo.

"Na kwenu," Bibi Sikujua aliuliza taratibu, "mnyama akiingia shambani mwako inakuwaje?"

"Mimi niliingiliwa na nguruwe mwitu. Alichimbua maua yangu yote. Nilipiga simu, akaja bwana mmoja mwenye bunduki na kofia ya unyoya, akampiga palepale."

"Wakamzika?"

"Hapana. Tulimla."

"Na nini?"

"Na mchuzi wa uyoga."

Bibi Sikujua akaichukua habari hiyo akaiweka, kama anavyoweka mbegu: mahali pakavu, panya asifike. Na asubuhi iliyofuata Hediwiga alienda kazini kama kawaida, akampiga Fahari mswaki, lakini kitabu hakumsomea tena.

Sasa ikafika sikukuu ya kuzaliwa Fahari. Tarehe hakuna aliyeijua, kwa hiyo ikapangwa iangukie ile ya Waziri. Kulikuwa na bendi, keki, na watumishi wa Wizara waliovaa nyuso za kiboko. Ili mwenye sikukuu asikie vizuri, mafundi walimwekea spika moja kubwa nyeusi ya betri ukingoni kabisa mwa maji. Waziri Ngwatura akaanza kuhutubia. Alihutubia asubuhi, akahutubia jua likawa utosini. Alipofika kwenye maneno "na mwisho kabisa, kabla sijaanza," Fahari akapanua kinywa, watu wakadhani anapiga mwayo kama wao, akaimeza ile spika na waya wake.

Hotuba haikukatika. Iliendelea kutokea tumboni mwa kiboko, nzito kidogo. "Serikali yenu... inawajali..." tumbo lilisema. Kisha Fahari akatetemeka, akalala ubavu, na sauti ya Waziri ikazimika pamoja naye.

Tangazo la Wizara lilisema kwamba marehemu amefariki dunia akisikiliza hotuba kwa ukaribu.

Nchi nzima ikaamriwa kulia. Kimwaga alibadilishwa cheo, kutoka Afisa Utulivu akawa Afisa Kilio, na alipita nyumba kwa nyumba akiwa na suruali ileile. Alimkuta Bibi Sikujua anapepeta.

"Bibi, mbona hulii?"

"Nilikatazwa, mwanangu."

"Sasa umeruhusiwa."

"Kumlilia nani?"

"Marehemu Fahari."

"Na yule wangu?"

Kimwaga akatazama viatu vyake. "Huyo... mambo yake bado hayajashughulikiwa."

"Basi nitakuja tena," alisema Bibi Sikujua, akaendelea kupepeta.

Kaburi lilichimbwa katikati ya jaruba lake, refu na pana kama chumba cha mgeni, likajengewa kwa tofali na kupakwa chokaa. Sanduku la mninga lililetwa na winchi. Ng'ombe walichinjwa, masufuria ya wali yakapangwa ukingoni mwa mto, na moshi ukapanda mpaka mbingu ikachafuka. Haukumwasha mtu macho. Mtukufu Mtulizaji Mkuu mwenyewe alikuja, mzee mnene mwenye fimbo, pamoja na Bwana Itifaki wake aliyevaa glavu nyeupe. Bwana Itifaki akatangaza utaratibu: Mtukufu atalia mara moja, kwa kuwa itifaki humruhusu kulia mara moja kwa kila msiba, na akishalia, msiba umefungwa rasmi.

Sanduku likainuliwa na winchi, likaning'inia. Waendeshaji wakachungulia kaburini ili walielekeze.

Mle ndani amelala Bibi Sikujua, chali, amejipaka unga usoni, khanga imefungwa kiunoni, kichwani ametia chungu kilichotoboka.

"Shusheni tu," alisema. "Mimi naye tutabanana."

Zogo likatokea. Waziri Ngwatura akapiga kelele, "Mtoeni huyo kikongwe! Askari!"

Askari wakasogea. Bibi Sikujua akanyanyua kidole. "Nani ananigusa? Mimi ni Mtandula. Marehemu ni Msomboro. Ni mtumwa wangu huyo, nimekuja kumzika mtani wangu!"

Askari wakasimama kama waliomwagiwa gundi. Mtukufu akaegemea fimbo. "Marehemu ana kabila?"

"Alipewa, Mtukufu," Bwana Itifaki alinong'ona. "Na Mheshimiwa Waziri. Redioni."

"Basi mwacheni mtani afanye kazi yake." Na Mtukufu akaanza kutabasamu, maana alikumbuka viatu vyake.

Bibi Sikujua akapandishwa ukingoni na watu wa kwao, na pale alifanya utani ambao bondeni wanausimulia mpaka kesho. Alitembea kwa miguu minne akitingisha makalio. Alipanua kinywa chenye pengo akajifanya anameza chungu, halafu akatoa sauti ya kunguruma kutoka tumboni: "Ndugu wananchi! Na mwisho kabisa, kabla sijaanza!" Watu walijizuia, wakashindwa. Mpiga tarumbeta wa jeshi alicheka ndani ya tarumbeta, ikalia yenyewe.

"Na huyu mfiwa!" Bibi alimgeukia Waziri. "Mwangalieni! Wamefanana shingo! Mtumwa wangu we, kaka yako kafa kwa kukusikiliza, na wewe bado una hotuba mfukoni!"

Waziri, jasho likimtiririka, akachomoa bahasha. "Chukua, mama, utupishe."

Bibi akaipokea, akajipepea nayo, akamrudishia. Kisha akateremka tena kaburini, akakaa kitako, akakunja miguu.

"Sitaki chako. Nataka kilio."

"Mbona tunalia?" aliuliza Mtukufu. "Kilio cha nani unachokitaka?"

"Cha Mzee Mbaruku, mume wangu. Alizikwa kwa kunong'ona. Nilinyimwa kumlilia nisije nikamwamsha huyo." Akaonyesha sanduku lililokuwa likiyumba juu ya kichwa chake.

"Mzee Mbaruku alikufa kwa kitu gani?"

Kimwaga aliangalia mkunjo wa suruali. Waziri aliangalia mawingu.

"Aliuawa na maiti wenu," alisema Bibi Sikujua. "Kwenye shamba hilihili. Alikuwa ameshabisha hodi."

Waziri akajikakamua. "Mtukufu, dunia inatutazama! Dunia inawapenda wanyama wetu! Huyu hapa shahidi, bibi mzungu, ametoka kwao kuja kumpiga mswaki marehemu! Mama, waambie!"

Hediwiga akasimama, goti likalia.

"Mwenzangu," Bibi Sikujua alimwita kutoka shimoni, "nguruwe aliyechimbua maua yako, kwenu mlimzika wapi?"

"Hatukumzika," Hediwiga alijibu kwa sauti yake ya kitabuni, na redio zote zikasikia. "Tulimla."

"Kwa kosa la maua?"

"La maua tu. Na angekuwa amemuua mume wangu, tusingemtengenezea hata mchuzi."

Mtukufu Mtulizaji Mkuu hakuuliza tena. Aliangalia sanduku la mninga, akamwangalia mwanamke aliyejipaka unga, akavua viatu vyake mwenyewe. Kisha akajishika kichwa, akapiga yowe: "Mbaruku weee! Baba yetu weee! Umeondoka bila kuagwa!"

Akilia Rais, nani abaki kavu? Mawaziri wakajitupa chini wakishindana kugaagaa. Kimwaga alijitupa kwenye tope lenyewe, suruali na mkunjo wake. Wasomboro wa kweli, waliokuja kumtazama kiboko wa kabila lao, wakaruka mbele wakatembea kama watu wenye kokoto viatuni, na ndipo Bibi Sikujua, alipomwona mumewe anatembea tena kwa miguu ya watani, akafungua kifua. Kilio kilichotoka kilikuwa kimekaa muda mrefu. Ndege waliruka ng'ambo zote mbili za mto, na yule mwendesha winchi alisahau mkono wake juu ya nyenzo akalia kama mtoto.

Walipotulia, Waziri Ngwatura akajifuta. "Sasa, Mtukufu, tumlilie na Fahari."

Bwana Itifaki akakohoa ndani ya glavu. "Haiwezekani, Mheshimiwa. Mtukufu ameshalia. Msiba umefungwa. Kwa utaratibu, huu ulikuwa msiba wa Mzee Mbaruku."

"Na huyu je?" Waziri akaonyesha sanduku.

"Huyu hana msiba."

"Si ulisema ni damu yako?" alisema Mtukufu huku akitafuta kiatu. "Ulisema akifa ni maiti ya nyumbani kwako. Nilisikia redioni. Mchukue basi, ukamzike kwenu."

Sanduku likashushwa kwenye trela, trela likafungwa nyuma ya shangingi la Waziri, na jua lilikuwa kali. Wali na nyama za serikali zikaliwa zikawa matanga ya Mzee Mbaruku. Watu walikula, wakalala palepale, wakaamka wakala tena. Hediwiga alikosha masufuria na goti lake bovu, akakataa kupumzishwa.

Huyo Hediwiga alirudi kwao. Mambo aliyoyafanya alimsimulia Bibi Sikujua kwa simu. Alienda kwenye kaburi la mumewe, akafunga khanga aliyopewa, akapiga yowe la Kitandula mchana kweupe. Majirani wakaita polisi. Polisi alipofika akamkuta na wajukuu wake, wamekimbia kuja kuona bibi yao ana nini, simu zimesahaulika mifukoni, na mmoja naye analia kwa sauti bila kujua ameanzaje.

"Polisi akasemaje?" Bibi Sikujua aliuliza.

"Alisema ninasumbua watu."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia nitakuja tena."

Na Waziri Ngwatura? Wasomboro wa milimani walimwekea magogo barabarani. "Huyu hatumjui," walisema wazee, "ndugu zetu sisi wana masikio yanayolingana na kichwa." Akateremka mjini, mjini wakaziba pua wakamfukuza. Wizara ilimfungia geti, kisha ikamwelekeza mlango wa nyuma, penye benchi. Mpaka leo anazunguka na sanduku lake, na kila shangingi linapoingia kona, kutokana na betri za siku hizi zilivyo imara, tumbo la marehemu hutamka: "Serikali yenu... inawajali..."

Lile kaburi lililojengewa lilijaa mvua. Bibi Sikujua akalitia tope na mbolea, akapanda mpunga, na mpunga ukastawi kuliko majaruba yote ya bondeni, maana hakuna kaburi jingine la serikali lililowahi kuchimbwa kwa vipimo safi namna ile. Shangingi likipita na harufu yake, yeye hunyoosha mgongo, huweka mkono kiunoni.

"Mtani! Habari za msiba?"

Waziri hupandisha kioo.

"Usilie kwa sauti, baba," humwambia Bibi Sikujua. "Mpunga wangu umelala."